Usifute vile vifaili vidogo: maongezi na wapiga picha wenzangu, Sinza

Wazee wangu shikamooni, kaka na dada zangu habari za mchana. Asanteni kwa kuja, najua Jumamosi kwa mpiga picha wa harusi ni siku ya kazi na wengine hapa mkitoka mnaenda moja kwa moja ukumbini, kwahiyo sitawaweka sana. Nimeambiwa niongelee bakapu. Mi nitachukua kipande kimoja tu cha hiyo bakapu ambacho watu wanakiruka, nacho ni katalogi, lile faili ambalo Lightroom, ile programu ya kupanga na kuediti picha, inaandika ndani yake kila ulichokifanya kwenye picha zako, na nitawaeleza langu lilivyokufa na lilivyorudi.

Ilikuwa Aprili 2022, mvua zile. Saa 5 usiku napigiwa simu na kijana mmoja niliyempigia picha za harusi yake 2019. Bibi yake amefariki. Mwili unasafirishwa kwenda Moshi saa 11 alfajiri, wanataka picha ya bibi ya kuweka kwenye fremu mbele ya jeneza na nyingine ya kwenye karatasi ya ratiba ya ibada. Hii simu mnaijua nyote. Hakuna aliyepanga iwe hivo lakini mpiga picha wa harusi ndo amekuwa mtunza picha za misiba, maana kwa wazee wengi mara pekee walipovaa vizuri wakakaa mbele ya kamera ya maana ni kwenye harusi ya mjukuu. Ndo maana mi nilishajiwekea utaratibu, baada ya kila harusi namwomba mtu mmoja wa ile familia tukae jioni moja anitajie wazee kwa majina, huyu bibi mzaa mama, huyu shangazi mkubwa, huyu babu mdogo, naandika jina kwenye tagi ya kila picha. Nilikuwa nimefanya hivo miaka saba. Kwahiyo nikamwambia kijana pole sana, nipe dakika tano nakutumia.

Sasa, jioni hiyo umeme ulikuwa umekatika. Laptopu yangu betri ilishakufa zamani, ilikuwa inatembea na chaja tu, umeme ulipoondoka ikazima palepale, Lightroom ikiwa wazi niko katikati ya kuediti sendofu ya wiki ile. Umeme ulikuwa umesharudi, nawasha, nafungua Lightroom, inagoma, inasema katalogi haifunguki, inatumika kwingine. Nikaingia kwenye folda. Pembeni ya faili kubwa linaloishia na .lrcat kuna vifaili vitatu vidogo, kimoja kinaishia na .lock, kingine -wal, kingine -shm. Nilishawahi kusikia mtu akisema ukifuta kile cha lock inafunguka. Nina haraka, kuna msiba, mtu anasubiri, nikavichagua vyote vitatu nikafuta, tena ule ufutaji usiopitia kapu la taka. Nikafungua tena. Safari hii haikusema inatumika kwingine, ilisema katalogi imeharibika. Nikabonyeza kitufe cha kurekebisha, ikazungukaaa, ikasema imeshindikana.

Picha 181,000 ndo zilikuwa kwenye ile katalogi.

Picha zenyewe zilikuwepo kwenye diski, hilo nataka mlishike, hakuna picha iliyopotea. Nikafungua folda ya ile harusi kwa tarehe, picha 3,400, nikaanza kuangalia moja moja. Lakini kina mama wa ile familia walikuwa wamevaa sare, kitenge kimoja na vilemba vya aina moja, mabibi kama wanane hivi, na mi nilionana nao siku moja tu miaka mitatu nyuma. Saa 9 usiku nikatuma picha ya bibi niliyedhani ndiye. Kijana akanijibu baada ya dakika chache: kaka, huyu ni mdogo wake, yuko hapa ndani analia. Wakaondoka na picha ya kitambulisho cha taifa, wameivuta mpaka sura imekuwa vidoti.

Ndo nimesimama hapa kwa sababu hiyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa mzee wa studio ya zamani, na makabati yake ya negatifu kwenye bahasha za kaki, na juu ya meza kaunta buku kubwa. Kila bahasha ina namba tu. Ukitaka kujua namba fulani ni nani na lini, unafungua kaunta buku. Katalogi ni lile kaunta buku, ndani ya .lrcat hamna picha hata moja. Mna majina, tagi, nyota, makusanyo, na kila mvuto wa mwanga na rangi uliofanya kwenye kila picha, maana Lightroom haigusi picha yako ya asili, inaandika tu maelekezo. Miaka yako yote ya kukaa mbele ya skrini imo mle. Mtu ananiambia mi nina kopi mbili za picha zangu niko salama, namuuliza na kaunta buku je, ananyamaza.

Kiufundi hilo faili ni databesi ya SQLite, aliyoitengeneza Mmarekani mmoja anaitwa D. Richard Hipp mwaka 2000, na nyote mnayo mfukoni sasa hivi, meseji za WhatsApp kwenye simu ya Android zinakaa kwenye SQLite hiyohiyo. Ni kitu imara sana na kimetengenezwa kikijua kwamba umeme unakatika. Inavyofanya, haiandiki moja kwa moja kwenye kitabu. Inaandika kwanza kwenye karatasi ya pembeni, ndo hiyo -wal, afu kila baada ya muda inahamishia kitabuni. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, kitabu kinabaki na kurasa mpya zimechanganyika na za zamani, lakini karatasi ya pembeni bado ni kamili, ukifungua inaisoma inamalizia palepale ilipokomea. Inajitibu yenyewe, wala huoni.

Mi nilichana ile karatasi. Kile cha lock ni alama tu kwamba mtu yumo ndani, ukishahakikisha programu imefungwa kabisa kweli unaweza kukiondoa na hakuna kinachopotea. Cha -shm nacho hutengenezwa upya. Lakini -wal ni sehemu ya katalogi yako, kina kazi uliyofanya ambayo bado haijafika kitabuni, na kwangu ndo kilikuwa kimeshika ule uhamishaji uliokatika nusu. Katalogi yangu haikuuawa na umeme. Nani anatumia Lightroom ya zamani kidogo? Kwenu mtaona kinaitwa -journal, nacho ni vilevile usikiguse.

Njia nyingine za kuua katalogi nazipitia haraka. Diski ya nje iliyofomatiwa exFAT, na wengi wetu ndo tunafomati hivo ili isome Windows na Mac, exFAT haina shajara ya mabadiliko kwahiyo ukichomoa waya programu ikiwa inaandika inaweza kuumia vibaya, chomoa kwa utaratibu kila siku. Kunakili katalogi wakati Lightroom iko wazi, unapata nusu ya ukurasa huu na nusu ya ule. Kuweka katalogi hai ndani ya folda inayojisawazisha na klaudi, inapandisha vipande ukiwa unafanya kazi, na ikiharibika inapandisha uharibifu juu ya nzima. Na diski ikijaa mpaka mwisho.

Sasa urejeshaji, hapa nitakaa.

Baada ya ule usiku nilikaa siku mbili sijafanya kitu, afu nikampata kijana mmoja anayefanya mambo ya databesi, mdogo kwangu kwa miaka mingi lakini kwenye hili ni mwalimu wangu. Swali lake la kwanza: kaka, umefanya kopi? Nikamwambia kopi ya nini wakati limeshaharibika. Akasema kopi ya hilohilo lililoharibika. Akachukua folda nzima, na kila kilichobaki ndani yake, akaiweka kwenye diski nyingine, afu akatengeneza kopi ya ile kopi, akasema tutafanyia kazi hii ya tatu, tukiiharibu tunarudi kwenye ya pili, ya kwanza haiguswi tena. Kitufe cha kurekebisha nilichokibonyeza usiku ule nilikuwa nakibonyezea kwenye faili pekee nililonalo duniani, na kurekebisha maana yake ni kuandika juu.

Akasikiliza diski. Kama diski yenyewe inagonga tik tik au kunakili kunakwama, acha databesi kwanza, hapo mgonjwa ni diski. Kuna programu ya bure inaitwa ddrescue, inanyonya diski nzima kwenda kwenye nyingine, inaanza na sehemu zinazosomeka afu ndo inarudia zile ngumu. Na tafadhali msikimbilie chkdsk, ile ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayoumwa kabla hamjanyonya, kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, faili lako inaweza kulikata ikakuachia vipande vinavyoishia na .CHK. Nimemwona mwenzetu mmoja imemkuta.

Afu akafungua mwanzo wa faili kwa programu ya kuonyesha herufi ghafi. SQLite iliyo hai lazima ianze na maneno "SQLite format 3". Ukikuta ni sifuri tupu kuanzia juu mpaka chini basi mle hamna kitu cha kurekebisha, unaenda moja kwa moja kwenye bakapu. Kwangu maneno yalikuwepo, na nawaambia nilifurahi kama nimeona mtu amepumua.

Halafu kuna kifaa kinaitwa sqlite3, kinashushwa bure sqlite.org, kinafanya kazi kwa kuandika amri, hakina vitufe. Ya kwanza:

sqlite3 kopi.lrcat "PRAGMA integrity_check;"

Ikijibu ok, databesi yako ni nzima, shida iko kwingine, labda ruhusa za folda, labda kile cha lock, labda diski imejaa, usiendelee kuipasua. Ikilalamika kuhusu index tu, yaani mistari inakosekana kwenye index, kuna uwezekano mkubwa amri moja ya REINDEX ikamaliza, maana index ni kama faharasa ya nyuma ya kitabu, inaandikwa upya kutoka kwenye kitabu chenyewe. Kwangu ilimwaga malalamiko skrini nzima ikamalizia na yale maneno "database disk image is malformed". Hapo ndo akaandika hii:

sqlite3 kopi.lrcat ".recover" > yote.sql
sqlite3 mpya.lrcat < yote.sql

Hiyo .recover imekuja 2019, kama kifaa chako ni cha zamani shusha kipya. Ya kabla yake, .dump, inafuata njia za kawaida za databesi, ikikuta njia imekatika kilicho nyuma yake haikioni. Hii .recover inapita ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa ambazo hakuna anayezielekeza tena, inaokota kila mstari unaosomeka, na mistari isiyojulikana kwao ni wapi inaiweka kwenye jedwali linaitwa lost_and_found. Ilichukua kama dakika arobaini. Akaniambia tuhesabu, tukauliza jedwali la Adobe_images lina mistari mingapi, ikaja 178 elfu na kitu. Nikamwomba aulize na jedwali la tagi, AgLibraryKeyword, akashusha orodha, majina yanapita kwenye skrini, ya mabibi, ya mashangazi, jioni zangu zote za miaka saba. Nililia, sioni aibu kusema.

Faili jipya tukalipa jina lilelile la zamani, kwa sababu kuanzia toleo la 11, la Oktoba 2021, kuna faili jingine linakaa pembeni linaloishia na .lrcat-data, ndo linatunza zile maski za kuchagua mtu au anga, na linatafutwa kwa jina, ukilibadilisha moja badilisha na mwenzake. Lightroom haikuridhika na faili letu moja kwa moja, kwahiyo tukatengeneza katalogi tupu tukaileta ile ndani kwa njia ya kuingiza kutoka katalogi nyingine. Ikakubali. Afu tukachukua bakapu yangu ya Januari, hiyo ndo ilikuwa ya mwisho, miezi mitatu nilikuwa kila nikifunga nabonyeza ruka kwa leo, tukaiingiza vilevile, ikaziba picha karibu zote zilizokosekana. Kazi ya siku sita za mwisho haikurudi. Ile sendofu niliediti upya.

Picha ya bibi tuliipata kwa kuandika jina lake. Yupo amekaa, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, anamcheka mtu aliye nje ya picha. Nikaichapisha kubwa nikaipeleka mwenyewe siku ya arobaini.

Haya, bakapu. Fungua mipangilio ya katalogi, pale kwenye bakapu inakuja ikiwa imewekwa mara moja kwa wiki, weka kila unapofunga. Kwenye kile kidirisha kinachokuja ukifunga, acha tiki kwenye kupima uzima wa katalogi, hii ni muhimu kuliko zote, maana uharibifu unaweza kuanza kimyakimya ukawa unanakili kitu kibovu wiki baada ya wiki ukadhani una bakapu kumi kumbe una ubovu mara kumi. Na palepale badilisha folda inakokwenda, kwa kawaida inaweka bakapu ndani ya folda inayoitwa Backups pembeni ya katalogi yenyewe, diski moja, mwizi mmoja, kikombe kimoja cha chai. Ipeleke diski nyingine.

Ile bakapu haina picha. Narudia kwa sababu kuna dada mmoja alinipigia akilia, alifomati diski ya picha akiamini bakapu ya Lightroom imezibeba. Haizibebi. Ni kaunta buku tu, picha unazinakili wewe kivyake.

Afu washa uandishi wa XMP, iko kwenye mipangilio hiyohiyo. Kwa picha ghafi za Canon, Nikon, Sony inaweka kifaili kidogo pembeni ya kila picha, kwa JPEG na DNG inaandika ndani ya picha, hivo majina, nyota na editi zako zinatembea na picha hata katalogi ikifa yote. Ila makusanyo na kopi za mfano, zile virtual copies, haziingii kwenye XMP, kwahiyo haichukui nafasi ya bakapu. Wale mnaotumia programu nyingine za picha: wa darktable yenu inaandika XMP yenyewe bila kuambiwa. Wa digiKam mtafute faili linaloitwa digikam4.db, ni SQLite vilevile, niliyosema yote yanawahusu.

Kuna mpiga picha Mmarekani anaitwa Peter Krogh ndo aliwaenezea wapiga picha ule utaratibu wa tatu, mbili, moja: kopi tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae mbali na hapo ulipo. Mi yangu ya mbali iko Kibaha kwa dada yangu, diski mbili zinapokezana, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi naenda na moja narudi na nyingine, na chakula nakula. Kwa wenye shida ya bando, msipandishe picha, pandisheni bakapu ya katalogi tu, Lightroom inaibana kuwa zip, yangu ya giga 2 inashuka mpaka megabaiti kama 300. Zile previu acheni, zinajitengeneza tena. Za zamani msifute zote, mi nabakiza za kila wiki kwa miezi miwili na moja ya kila mwezi kwa mwaka.

Na mwisho wa mwezi fungua bakapu. Ichukue, ifungue zip kwenye kompyuta nyingine, iwashe, tafuta jina la mtu mmoja, angalia idadi ya picha kama inalingana na ya kwako. Dakika kumi. Mi natafutaga jina la yule bibi.

Betri ya laptopu nilinunua, na UPS ndogo.

Yule kijana wa databesi yuko pale nyuma, mwenye shati la bluu, amekubali kukaa na sisi mpaka saa 10. Kama una katalogi iliyogoma iko nyumbani kwenye droo umeshaikatia tamaa, hata ya miaka mitano nyuma, lete diski. Usiiwashe kwanza, usijaribu tena kuifungua, usifute kitu. Ilete hivohivo, tuanze kwa kufanya kopi.